Kava la Valvu na Mtalaka wa Kiberiti

Sindano alikuwa na pini mdomoni alipopata habari kwamba gari la mumewe limeonekana kwa Mama Tanuri.

Aliyeileta habari hiyo alikuwa jirani yake, amesimama juu ya kigoda kwenye ukumbi wa nyuma, gauni jipya limembana kiunoni, mikono kaitanua kama mtu anayepekuliwa. Aliyasema maneno yale kwa kupitisha tu, kama anayezungumzia mvua. Eti jana alipita barabara ya mafundi, akaliona gari la Kiberiti limeegeshwa mlangoni pa Mama Tanuri, boneti wazi, na Kiberiti mwenyewe amekaa benchini na yule mama, wameinamia kitu fulani magotini, wanacheka. Kisha akauliza kama pindo litashushwa kidogo.

 Sindano alichomeka pini ya kwanza, akachomeka ya pili, na ya tatu ikamwingia jirani ubavuni mpaka akaruka kutoka kigodani. Akaomba radhi, lakini si kwa moyo wote.

Jina la Sindano alikuwa amepewa na wateja wake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ushoni, wengine kwa sababu ya ulimi. Mumewe naye aliitwa Kiberiti kwa kuwa gari lililokataa kuwaka kwa kila mtu, yeye akiligusa linawaka. Alikuwa fundi wa injini kwenye yadi ya malori, na siku za mapumziko alishinda mgongoni chini ya gari lake mwenyewe, saluni kuukuu ya rangi ya maziwa aliyoinunua ujanani na ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia aiuze.

Na Mama Tanuri? Mama Tanuri alikuwa mpaka rangi wa vyuma. Hakutumia brashi wala kopo. Alipuliza rangi ya unga juu ya chuma, kisha akakitia chuma hicho kwenye tanuri kubwa kama kabati la nguo, unga ukayeyuka na kuganda ukawa kitu kimoja na chuma. Mtu yeyote aliyetaka injini yake ipendeze ikifunuliwa alikwenda kwake. Hilo lilijulikana mji mzima. Lililojulikana pia, ingawa watu walilisema kwa kuangalia pembeni, ni kwamba kabla ya Sindano, Mama Tanuri ndiye aliyekuwa mke wa Kiberiti.

Mara moja tu Sindano aliwahi kumwuliza mumewe kwa nini ndoa ile ilivunjika. Kiberiti alijibu kwamba yule hakuwa mtu wa nyumbani, akaendelea kula. Sindano, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi mpya, alilipokea jibu hilo kama zawadi. Yeye angekuwa mtu wa nyumbani. Alikuwa na chumba chake cha ushonaji mjini, kwenye barabara yenye watu, kioo mbele na gauni jeupe limesimama kiooni. Kiberiti aliposema kwamba ukumbi wa nyuma ni mkubwa, una hewa na hauna pango, aliihamisha cherehani bila kinyongo. Miaka ilikuwa imepita tangu hapo. Wateja walimfuata, si wote, ila wa kutosha.

Siku ile ya pini alimngojea mumewe huku akipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa. Kiberiti alipofika hakuficha. Alisema mpwa wake anaoa na ameomba gari la mjomba wake limbebe bibi harusi. Gari lote liko sawa isipokuwa kava la valvu, ule mfuniko ulioketi juu ya injini ambao ndio wa kwanza kuonekana boneti likifunguliwa. Limebabuka, limejaa oili iliyoungua, linatia aibu. Ndiyo maana alilipeleka kwa yule mama akaulizie.

"Akaulizie," Sindano alirudia.

Kiberiti alisema kuna rangi nyingi, na mng'ao wa kila aina, mtu huwezi kuchagua kwa siku moja.

Hilo ndilo lililomwingia Sindano kama mwiba. Nyumba ile ilikuwa na mtu ambaye kazi yake, tangu kupambazuka mpaka jua kuzama, ilikuwa kuchagua rangi. Mabibi harusi walivuka mji mzima waje waulize kama ngozi yao inabeba dhahabu au fedha. Mume wake mwenyewe hakuwahi kumwuliza hata rangi ya soksi. Sasa alikuwa na jambo la rangi, la kwanza tangu waoane, na miguu yake ilikuwa imempeleka kwa mtalaka wake.

Kuanzia hapo akaanza kumchunguza. Akifua shati, analigeuza kwanza. Siku moja aliona kwenye mkono wa shati unga mwembamba wa samawati, umeingia katika mshono. Aliusugua kwa kidole, akaunusa. Haukunukia chochote, na hilo likamkera zaidi kuliko kama ungenukia manukato. Usoni alijikaza kisabuni, akapakua chakula, akauliza habari za yadi. Ndani alikuwa anawaka. Kila Kiberiti alipopiga mluzi bafuni, Sindano alijiuliza ni wimbo wa enzi ya nani.

Alijitengenezea sura ya Mama Tanuri, kwa kuwa hakuwahi kumwona kwa karibu. Akampa shingo ndefu, kucha zilizopakwa, na kicheko cha mtu anayejua anatazamwa. Kila siku alimwongezea kitu. Mwishowe Mama Tanuri wa kichwani mwa Sindano alikuwa mzuri kiasi kwamba hakuna duka la vitambaa lingemtosha.

Kisha kava likarudi nyumbani. Sindano alilikuta stoo, juu ya gurudumu la akiba, limesafishwa mpaka chuma chake kinaonekana lakini halina hata tone la rangi. Alipouliza, Kiberiti alisema yule mama ana kazi nyingi, basi, atalipaka mwenyewe kwa kopo. Alisema bila kumtazama. Na harusi ilikuwa karibu.

Mtu mwingine angefurahi. Sindano hakufurahi. Aliona wazi kwamba kuna jambo limepita kati ya wale wawili, na mtu hamkasirikii hivyo ila yule ambaye bado anampenda. Alilala nalo, akaamka nalo. Kiberiti alipoondoka kwenda kazini, alipiga moyo konde, akalifunga kava kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki, akavaa gauni lake la kijani ambalo hakuna aliyewahi kulivaa vizuri kuliko yeye, akaenda barabara ya mafundi.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati lenye mlango mpana. Nje kulikuwa na benchi. Sindano alilitazama lile benchi kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumwuma jirani. Ndani kulinukia chuma cha moto. Vyuma vilivyokwisha okwa vilining'inia kwenye ndoano: rimu, vishikio vya pikipiki, makava ya kila umbo, mekundu, meusi, ya rangi ya chungwa, kama nguo zilizoanikwa na mtu asiye na akili timamu.

Mwanamke aliyetoka nyuma ya tanuri alikuwa mpana wa mabega, mwenye umri uliompita Sindano kwa miaka michache, amevaa ovaroli iliyopauka na kitambaa kichwani, mvi zikichungulia masikioni. Mikononi alikuwa na makovu ya kuungua, mistari mifupi kama ya mtu aliyejipima mara nyingi kwa rula ya moto. Alivua glovu, akamkaribisha, akamwita dada.

Sindano alitafuta shingo ndefu, hakuiona. Akatafuta kucha, nazo zilikuwa zimekatwa mpaka nyamani. Badala ya kupumua, roho ikazidi kumwuma. Mwanamke mzuri angemchukia kwa amani. Huyu alikuwa mtu wa kawaida tu, na kama mumewe alimfuata huyu, basi hakufuata sura, amefuata kitu ambacho Sindano hakujua namna ya kushindana nacho.

Alifungua kitambaa, akasema ana kava la gari la mumewe, anataka kumshangaza. Hakutaja jina. Mama Tanuri alilitazama kava, akalipitisha kiganja, akauliza gari lina rangi gani nje. Rangi ya maziwa, Sindano akajibu. Na viti je? Vya kahawia. Injini inavuja oili? Kidogo. Na mwenye gari anafungua boneti kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya watu?

"Vyote viwili," Sindano alisema. "Ila anajifanya ni kwa ajili ya kazi tu."

Mama Tanuri alitabasamu, akaenda ukutani akashusha rundo la vibati vya sampuli vilivyotungwa kwenye waya. Akavitandaza juu ya meza. Akaeleza kwamba rangi ni nusu ya jambo, nusu nyingine ni uso wake. Kuna wa kung'aa kama kioo, unaopendeza dukani lakini kila kidole kinaacha alama. Kuna uliofifia, usiong'aa hata kidogo, mtulivu, ila oili ikiugusa haufichi. Kuna wenye chembe za metali unaometameta. Na kuna wa mikunjo, ambao unga wake ukiingia tanurini unajikunja wenyewe, unakuwa na vijibonde vidogo vidogo.

Sindano alipitisha vidole. Kidole chake kilimwambia mambo kabla kichwa hakijafika. Huu wa kung'aa ni satini. Huu uliofifia ni pamba nzito. Huu wa mikunjo ni krepu. Alilisema hilo kwa sauti bila kukusudia, na Mama Tanuri akainua kichwa.

"Krepu," akasema. "Sikuwahi kulipatia jina."

Wakaanza kuchagua, na hapo ndipo mambo yalipomwendea Sindano vibaya, maana alianza kufurahia. Alikataa nyekundu ya moto kwa kuwa juu yake kuna mwili wa rangi ya maziwa, gari litafanana na jeraha kwenye bandeji. Akakataa nyeusi, kila mtu ana nyeusi. Akaiweka kando ya dhahabu. Dhahabu ni ya bibi harusi, na mwanamume akivaa dhahabu nyingi harusini anamfunika mwenye siku yake. Mama Tanuri alisikiliza, akaondoa vibati, akabakisha vingine. Taa ya bandani ilikuwa na mwanga wa manjano. Sindano akaokota vibati vitatu, na kabla hajasema, Mama Tanuri alikuwa amekwisha kushika njia ya mlangoni.

"Tukavitazame juani," alisema. "Taa inadanganya."

Yalikuwa maneno ambayo Sindano aliwaambia wateja wake kila siku. Alimfuata nje, wakasimama wawili pembeni ya benchi, na wivu ukamrudia kwa upya, safari hii wenye makali ya aina nyingine. Yeye juani alikuwa na kipande cha ua, kamba ya nguo na ukuta wa jirani. Huyu alikuwa na barabara nzima. Fundi wa redieta alipita akamwamkia, mwenye duka la vipuri akamwuliza jambo, dereva wa lori akapiga honi. Kila mmoja alimjua kwa kazi yake.

Kibati alichokiinua mwisho Sindano kilikuwa cha damu ya mzee, nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, yenye mikunjo. Alikielekeza juani, akakigeuza kivulini. Kivulini kilikuwa karibu cheusi. Juani kilipata joto. Akasema kava lote liwe hivyo, lakini ile mistari iliyoinuka juu yake ikwanguliwe rangi, ibaki chuma kitupu kilichong'arishwa, kama utepe mwembamba wa fedha kwenye ukosi.

Mama Tanuri alikipokea kibati. Kisha alirudi ndani, akaligeuza kava, akaweka kidole gumba kwenye kona moja palipokuwa na uvimbe wa kuchomelewa.

"Hapa nililiangusha mimi," alisema. "Liligonga sakafu ya saruji likapasuka. Alinuna wiki nzima."

Sindano aliinua macho kutoka kwenye kava. Akamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu ulipofungua kitambaa."

"Ukaniacha nijitie hamnazo."

"Ulikuwa unachagua vizuri," Mama Tanuri alisema. "Sikutaka kukukatiza."

Sindano angeweza kuchukua kava lake akaondoka, na kwa muda alilishika kweli. Lakini alikuwa amebeba swali moja kwa muda mrefu mno, na halikuwa hata lile la maana. Aliuliza siku ile pale benchini walikuwa wanacheka nini.

Mama Tanuri alikwepa kidogo, kisha akasema ukweli. Kiberiti alikuwa anamsimulia juu ya suruali ya harusi aliyoshonewa na mkewe, iliyombana hata hakuweza kukaa, akaila karamu yake yote amesimama na kuwaambia wageni kwamba ni heshima.

Sindano aliijua hadithi hiyo. Walikuwa wakiicheka wawili chumbani, mlango umefungwa. Kujua kwamba imetoka nje, imekalishwa benchini, imechekwa na midomo mingine, kulimwuma kuliko unga wa samawati. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mumewe hana haya.

"Hana," Mama Tanuri akakubali. "Lakini sikiliza, mdogo wangu. Alikuja kwangu mara tatu. Alitaka nilipake samawati, kama lilivyokuwa zamani. Nilimwambia rangi ile nimekwisha kuipaka, na sirudii. Nikamwambia ana mke anayejua rangi, akamlete achague. Hapo ndipo alipochukua kava lake akaondoka na hasira zake."

"Hakuniambia."

"Najua. Angekuambia ungekuja na gauni la kawaida."

Sindano alijitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile karibu acheke. Hakucheka. Aliuliza badala yake kwa nini waliachana. Mama Tanuri alikuwa anaziba matundu ya kava kwa tepu, kazi inayotaka macho, akajibu bila kuinua uso. Alisema Kiberiti si mtu mbaya na hakuwahi kumtesa. Alitaka mkewe afunge karakana, ahamishie kazi uani. Alimweleza kwamba ua una nafasi, una hewa, na hauna pango.

"Nikamwambia tanuri haliingii uani," alisema. "Akaniambia basi nichague. Ni mtu anayetaka kila kitu chake kiwe mahali anapokiona."

Sindano alisimama na mikono mitupu. Una hewa na hauna pango. Hata mpangilio wa maneno ulikuwa uleule. Alikuwa amekuja kumwonea wivu mwanamke aliyepata moyo wa mumewe, akajikuta anamwonea wivu mwanamke aliyesema hapana. Na wivu huo wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ungeweza kumlaumu Kiberiti. Huu ulimtazama yeye. Yeye hakuambiwa achague. Aliambiwa ukumbi una hewa, akafunga virago.

Aliondoka bila kava, ameambiwa arudi kulichukua keshokutwa. Nyumbani Kiberiti alikuwa amekwisha kuingia stoo na kutoka. Aliuliza kava liko wapi. Sindano alisema liko kwa Mama Tanuri, linapakwa, na rangi si samawati.

Kiberiti alikaa chini kwenye ngazi ya ukumbi. Alijitetea kwa mzunguko mrefu. Samawati ilikuwa rangi ya kava hilo alipokuwa kijana, alipolifikisha gari barabarani kwa mara ya kwanza. Alitaka kufungua boneti aone gari lake lilivyokuwa, si mwanamke. Sindano alimsikiliza mpaka mwisho. Huenda ulikuwa ukweli, huenda ulikuwa nusu yake; hakuwa na njia ya kuupima, na aliona kwamba hataipata.

"Na ulipoambiwa uniite mimi nichague?" aliuliza.

Kiberiti alikwaruza uchafu wa oili kwenye kucha zake kwa muda.

"Niliogopa mkikutana mtaongea," alisema.

"Tumeongea," Sindano akajibu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata waliongea kama wapangaji wa nyumba moja. Kava likarudi limefungwa kwenye kile kitambaa chake, na Kiberiti akalipokea bila kulifunua, akalipeleka kwenye gari na gasketi mpya ya kuzuia oili isivuje. Sindano alikuwa anapitisha uzi dirishani alipomwona amelifunua. Alilishika mbele yake kwa mikono miwili, akaligeuza kivulini, akaligeuza juani, muda mrefu.  Kisha alilifunga taratibu, bolti kwa bolti, kwa mkono, bila kutumia spana mpaka mwisho.

Harusi ilikuwa ya watu wengi. Gari la rangi ya maziwa lilifika mbele ya ukumbi wa sherehe na utepe alioushona Sindano, bibi harusi akashuka na gauni alilolishona Sindano, na Sindano mwenyewe akabaki uwanjani na mkasi na uzi mkobani, kama desturi yake, kwa ajili ya mshono wowote utakaokata tamaa. Ndiyo maana alikuwepo wanaume walipoanza kukusanyika mbele ya gari. Mmoja akaomba waone injini. Kiberiti alisema hakuna cha kuona, huku mkono wake umekwisha kufika kwenye kitasa cha boneti. Kile chuma cha kuegemezea boneti kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo alilishikilia juu kwa mkono.

 Jua liliangukia kava, mikunjo ya damu ya mzee ikapata joto, na ile mistari mitupu ikang'aa katikati yake. Fundi mmoja wa yadi aliinama akatazama kwa pembeni, akatoa mluzi mrefu. Mwingine akauliza ni kazi ya nani.

"Mama Tanuri," Kiberiti alisema. "Nani mwingine?"

Wote wakaitikia. Jina la Mama Tanuri lilipita kutoka mdomo hadi mdomo mbele ya gari, wakalisifu, wakakumbushana kazi zake nyingine. Sindano alisimama hatua chache tu kutoka pale, na kila walipolitaja alihisi kama mtu anayesikia gauni lake linasifiwa likiwa mwilini mwa mwingine. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama injini.

"Mama Tanuri amepuliza," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Rangi nimechagua mimi."

Waligeuka. Wakatazamana, hawajui kama wacheke. Kiberiti alikohoa. Sindano aliona wazi kwamba angeweza kuligeuza kuwa utani, na kwamba kama angefanya hivyo, basi yamekwisha kati yao.

"Ni kweli," Kiberiti alisema. "Mimi nilitaka samawati."

 Neno lilikuwa limechelewa, na dogo, lakini alilisema mbele ya watu wa yadi yake. Yule wa mluzi akamwuliza Sindano, nusu kwa mzaha, gari lake la kijivu angelifanyia nini. Sindano akamwuliza kijivu cha mawingu au cha jivu. Jamaa hakujua. Wakaenda kulitazama, na wengine wakafuata, huyu ana la kijani, huyu ana la bluu iliyopauka. Aliporudi, akiwa bado anabishana na mtu kuhusu shaba, Kiberiti alikuwa palepale, ameshikilia boneti kwa mkono wa pili sasa, jasho linamtoka, kwa kuwa kila aliyepita aliomba alione kava kidogo tu.

Njiani kurudi nyumbani, Sindano alimwambia anatafuta chumba mjini. Kiberiti alibadilisha gia. Kisha akauliza kama ukumbi hautoshi.

"Ukumbi unatosha," Sindano alisema. "Mimi ndiye sitoshi humo."

Alinuna, bila shaka. Alinuna kwa ustadi wa mtu mwenye uzoefu. Lakini hakumwambia achague. Labda alikumbuka jibu alilolipata mara ya kwanza. Chumba kilipopatikana, kidogo, chenye mlango wa bluu na dirisha la kioo, Sindano aliamka akakuta cherehani haipo ukumbini. Kiberiti alikuwa ameipakia kwenye gari, ameifunga kwa blanketi ili isikwaruzike, na anamngojea nyuma ya usukani amekunja uso.

Wivu wake kwa Mama Tanuri haukuisha. Sindano angekuwa mwongo kusema uliisha. Siku nyingine aliizunguka barabara ya mafundi ili asipite pale. Siku nyingine alipita makusudi, ameinua shingo, wakaamkiana. Kiberiti akichelewa kurudi, bado alilitazama shati lake kabla ya kulifua.

Siku moja mwenye teksi aliingia dukani, kofia mkononi, akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea mlango. Alisema amepaka kava la injini rangi ya shaba kwa Mama Tanuri na sasa anataka viti vya gari vishonwe vifanane nalo. Mama Tanuri ndiye aliyemtuma. Sindano alichukua utepe wa kupimia, akauvaa shingoni, akamwambia akae. Kabla ya kumwuliza chochote kuhusu viti, alitaka kujua Mama Tanuri alisema nini hasa.

Mwenye teksi alifikiri. Alisema aliambiwa kuna mshonaji mjini mwenye jicho.

"Jicho tu," Sindano aliuliza, "au jicho zuri?"

Jamaa hakukumbuka. Sindano akamtaka ajaribu tena.